Bisibisi za garaji ya nyumbani: jinsi ya kuchagua seti inayokufaa hapa Lubumbashi

Anayetaka kununua seti ya bisibisi, au turnevisi kama tulivyozoea kusema hapa Lubumbashi, huanzia sokoni. Anaona sanduku linang'aa, anahesabu vipande, anapatana bei, analipa. Nakuomba uanzie nyumbani. Skrubu zilizomo kwenye gari lako, pikipiki yako, milango yako na kofre yako ya umeme ndizo zinazojua unahitaji bisibisi gani. Ukizikagua kwanza utanunua chache, kila moja itakuwa na kazi yake, na hutaharibu kichwa cha skrubu ambayo kupata nyingine kama hiyo kunakulazimu uzunguke mji mzima.

Garaji ya nyumbani ninayoizungumzia si lazima iwe chumba chenye mlango wa chuma. Kwa wengi wetu ni kona ya lupango, yaani kiwanja cha nyumba: kivuli cha mwembe, meza ya mbao, jiliwa kwa aliyejaliwa, na gari limeegeshwa kando ya ukuta. Mwongozo huu ni wa mtu wa kona hiyo, anayefungua mwenyewe taa ya nyuma, anayesafisha kabureta Jumamosi, anayekaza bawaba za mlango, na ambaye hataki kumwita fundi kwa kila skrubu iliyolegea.

Hatua ya kwanza: kagua skrubu zako kabla hujatoka

Chukua karatasi, kalamu na tochi ya simu. Anza na gari. Fungua boneti, tazama kifuniko cha chujio la hewa, kola zinazobana mipira ya radieta, kibati cha namba. Ingia ndani, tazama plastiki za milango na za chini ya usukani. Nenda nyuma, tazama taa. Kila unapokuta skrubu, chora umbo la kichwa chake na uandike ni kubwa au ndogo. Usiandike kwa kubahatisha. Futa vumbi kwanza, maana vumbi letu jekundu la kiangazi hujaa kwenye kichwa cha skrubu mpaka msalaba unaonekana kama shimo la mviringo. Kijiti cha meno au sindano inatosha kulitoa.

Gari likiwa Toyota iliyotumika Japani, kama zilivyo nyingi barabarani kwetu, utakuta misalaba mingi, na boliti ndogo za kichwa cha pembe sita ambazo hizo ni kazi ya spana. Likiwa gari la Ulaya, Volkswagen au Mercedes kwa mfano, utaanza kukuta vichwa vyenye nyota ya pembe sita. Andika yote.

Kisha ingia nyumbani. Nyumba za zamani, zile zilizojengwa mji ukiwa bado unaitwa Élisabethville, mara nyingi zina vitasa na bawaba zilizofungwa kwa skrubu za mfereji mmoja, nyingine za shaba ya njano zilizolainika kwa miaka. Kabati na vitanda vya siku hizi vina misalaba, lakini si msalaba uleule wa gari lako. Halafu soketi, swichi na disjonkta, yaani swichi ya kinga inayokata umeme kwenye kofre. Kama una paneli ya sola na betri kwa ajili ya saa za kukatika umeme, tazama pia skrubu ndogo zinazobana nyaya kwenye kidhibiti cha chaji.

Karatasi hiyo ikijaa utaona jambo moja: pamoja na wingi wa skrubu ulizo nazo, maumbo ni machache. Hapo ndipo seti yako inapoanza kuonekana.

Hatua ya pili: ijue misalaba mitatu

Hatua hii ndiyo inayookoa skrubu nyingi kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Watu wengi wanajua bisibisi mbili tu, bapa na ya msalaba. Wanaamini msalaba ni msalaba. Kumbe ipo angalau mitatu inayofanana machoni na kupishana ndani, na sehemu kubwa ya vichwa vilivyolika hapa mjini vimelika kwa sababu msalaba mmoja umetiwa ndani ya mwingine.

Wa kwanza ni Phillips. Una jina la Henry F. Phillips wa Portland, Oregon, Marekani, aliyepata hataza zake mwaka 1936. Viwanda vya magari vya Marekani viliupokea mapema, Cadillac ikiwa miongoni mwa vya kwanza. Kwenye shina la bisibisi huandikwa PH. Kuta za msalaba huu zimeinama, zinabanana kadiri unavyoingia ndani. Faida yake ni kwamba ncha inajitafutia katikati yenyewe, na ndiyo maana viwanda viliupenda. Hasara yake unaijua mkononi: ukizungusha kwa nguvu bila kuisukuma, ncha inapanda na kuruka nje, na kila inaporuka inakula kidogo.

Wa pili ni Pozidriv, ulioenea Ulaya kuanzia miaka ya 1960. Huandikwa PZ. Utautambua kwenye skrubu kwa vistari vinne vyembamba vilivyochongwa katikati ya mikono ya msalaba, kama nyota ndogo iliyofichwa nyuma ya ile kubwa. Kuta zake zimesimama wima zaidi, kwa hiyo ncha ikiingia inashika bila kuruka. Skrubu za mbao kutoka Ulaya, bawaba za kabati na disjonkta nyingi zina PZ. Ukitumia PH kwenye PZ inacheza kushoto na kulia. Ukitumia PZ kwenye PH haiingii mpaka chini. Hakuna kati ya hizo mbili inayomfaa mwenziwe, hata kama muuzaji atakuapia.

Wa tatu ndio unaotuhusu sana sisi wenye magari ya Kijapani: JIS, kipimo cha viwanda vya Japani. Ukiutazama haraka ni Phillips. Tafuta kidoti kimoja kidogo kilichogongwa kwenye kichwa cha skrubu, kando ya msalaba. Ukikiona, hiyo ni JIS. Si zote zina kidoti, lakini ukifungua chombo cha Kijapani, chukulia kwamba ni JIS mpaka ithibitike vingine. Ncha ya PH haikai vizuri ndani yake: inagota kabla mabawa yake hayajazijaza kuta, unazungusha ukiwa umeshika juujuu tu, na kichwa kinalika. Skrubu za bakuli la kabureta la pikipiki ndizo zinazoteseka zaidi, kwa kuwa ni ndogo, chuma chake ni laini, na zimekaa miaka zikipata joto na petroli.

Habari njema ni kwamba bisibisi ya JIS hufanya kazi vizuri hata kwenye skrubu nyingi za Phillips, wakati kinyume chake hakiendi. Kwa mwenye Toyota na pikipiki, nathubutu kusema: kama unaweza kupata bisibisi moja tu nzuri mwaka huu, iwe JIS namba 2. Kampuni ya Vessel ya Osaka huzitengeneza. Ni vigumu kuzikuta zimepangwa kaunta, lakini mtu wako anayeagiza vipuri kutoka Dar es Salaam au Dubai anaweza kukuletea moja ndani ya mzigo wake, na haina uzito wa kumsumbua.

Nyota ya pembe sita, Torx, ilibuniwa mwaka 1967 na kampuni ya Camcar ya Marekani. Ni vigumu kuichanganya na misalaba. Inakutaka tu ujue namba yake, T20, T25, T30 na kadhalika. Ikiwa karatasi yako haina nyota hata moja, usiinunue.

Hatua ya tatu: soma namba

Misalaba hupangwa kwa namba, kuanzia 000 na 00 kwa vitu vidogo sana kama simu, 0 kwa vidogo kama redio, hadi 3 na kuendelea kwa vikubwa. Namba 1 ni ya skrubu zenye unene wa karibu milimita 3, namba 2 ni ya milimita 4 na 5, namba 3 ni ya milimita 6. Namba 2 ndiyo utakayoichakaza kwanza, maana karibu kila kazi ya nyumbani na ya gari inaiita. Kosa la kawaida ni kutumia namba 1 kwenye skrubu ya namba 2 kwa sababu "inaingia". Kuingia si kushika. Bisibisi ndogo huzunguka katikati ya msalaba na kuutoboa.

Bisibisi bapa hupimwa kwa unene na upana wa ncha: 0.5 kwa 3, 0.8 kwa 4, 1.0 kwa 5.5, 1.2 kwa 6.5, zote kwa milimita. Watu hutazama upana wakasahau unene, na unene ndio unaobeba nguvu. Ncha nyembamba kwenye mfereji mpana inasimama mshazari, inashika kwenye pembe mbili tu, halafu ama inapinda ama inavunja mdomo wa mfereji. Ikikaa sawasawa, inajaza mfereji pande zote mbili na upana wake unalingana na urefu wa mfereji bila kutokeza nje kukwaruza mbao.

Urefu wa shina pia una maana yake. Shina la milimita 100 hadi 150 linatosha kazi nyingi. Fupi kabisa, lile la mpini wa mviringo linaloingia kwenye kiganja, ndilo pekee linalofika chini ya dashibodi au kati ya injini na ukuta wa gari. Refu sana linafaa kwa skrubu iliyojificha ndani, lakini kadiri linavyokuwa refu ndivyo linavyoyumba, na kuliweka wima kunataka subira.

Hatua ya nne: panga seti yako

Sasa rudi kwenye karatasi. Kwa lupango lenye gari la Kijapani, pikipiki na nyumba ya kawaida, mimi ningepanga hivi: bapa tatu, yaani ya 3, ya 5.5 na ya 6.5, za msalaba PH1 na PH2, na JIS 2 ikipatikana, PZ2 moja kwa mbao na disjonkta, na fupi moja ya msalaba namba 2. PH3 ongeza tu kama umeziona skrubu zake kwa macho yako. Hizo ni nane au tisa. Mwenye gari la Ulaya aongeze Torx.

Kwa zile unazozihitaji mara moja moja, kama Torx na pembe sita za ndani, mpini mmoja wenye vichwa vya kubadilisha unatosha. Hakikisha vichwa hivyo vina mkia wa pembe sita wa milimita 6.35, kwa sababu ndicho kipimo cha kawaida na utapata vya kuongeza popote. Ila usiutegemee mpini huo kwa kila kazi. Shingo yake ni nene, haiingii kwenye mashimo ya plastiki ya taa, na kichwa kidogo kikianguka kwenye vumbi la uani unaweza kukitafuta mpaka giza liingie.

Kuhusu masanduku ya vipande mia, maoni yangu ni thabiti: yaache. Ukiyafungua unakuta vichwa ishirini vya kipimo kimoja, soketi za chuma laini, na bisibisi ndogo za saa ambazo hutazigusa. Pesa imetawanywa kwenye vipande vingi mpaka hakuna kilichopata chuma cha kutosha. Bei ya sanduku kama hilo inaweza kukupa bisibisi tatu za kweli, na tatu za kweli zitafungua vitu vingi kuliko mia za kupambia. Kama fedha haitoshi kwa seti nzima, nunua moja moja kila mwezi kwa kufuata karatasi yako, ukianza na namba 2.

Hatua ya tano: ijaribu dukani

Nenda na skrubu mfukoni. Toa moja kwenye kibati cha namba cha gari, moja kwenye bawaba ya kabati, moja kwenye kitasa cha zamani, uzifunge kwenye kitambaa. Iwe unaenda kenkayeri (maduka ya vyuma na zana) za katikati ya mji, soko la Mzee Kabila au soko la mtaa wa Kenya, hizo skrubu ndizo hakimu wako. Muuzaji atakuambia, "Papa, hii haivunjikaka, iko orijinali!" Mshukuru, umwombe ruhusa ya kujaribu, utoe skrubu yako.

Tia ncha ndani ya skrubu, kisha jaribu kuitikisa kwa vidole. Ikicheza kama jino bovu, iache. Ikikaa vizuri, skrubu inabaki kwenye ncha hata ukiilaza bisibisi, bila msaada wa sumaku. Sumaku ni kitu kizuri kwa kuokota na kuongoza skrubu, lakini huficha ncha isiyolingana, kwa hiyo usiiruhusu ikudanganye.

Halafu inua ncha kwenye mwanga. Mabawa manne ya msalaba yawe sawa kwa unene, na makali yake yaonekane yamekatwa, si kumiminwa na kuachwa yakiwa na mabonde. Ncha iliyopakwa kromu nene inayong'aa mpaka mwisho huwa imevimba kidogo na haiingii sawasawa. Nyingi zilizotengenezwa kwa uangalifu huachwa nyeusi au kijivu pale mwishoni. Laza bisibisi juu ya kioo cha kaunta uiviringishe. Shina lililopinda utaliona linaruka.

Sasa mpini. Shika shina kwa mkono mmoja, mpini kwa mwingine, pindua kwa nguvu zako zote. Ukihisi shina linazunguka ndani ya plastiki hata kidogo, irudishe hapohapo, kwa sababu kasoro hiyo haiponi. Mpini mnene hukupa nguvu zaidi ya kuzungusha kuliko mwembamba kwa kiganja kilekile, na ndiyo maana bisibisi kubwa zina mipini minene. Jaribu kuushika kiganja kikiwa na mafuta kidogo. Plastiki ngumu iliyong'arishwa huteleza. Yenye sehemu za mpira huganda mkononi.

Maandishi ya Cr-V, maana yake chuma chenye kromu na vanadi, au S2, aina nyingine ya chuma cha zana, ni dalili njema yakiwa ya kweli. Lakini yeyote mwenye mashine anaweza kuyachonga. Kipimo cha kuaminika zaidi ni tupa ndogo: ipitishe taratibu pembeni mwa ncha, ukishapewa ruhusa. Kwenye chuma kilichokomazwa vizuri tupa huteleza na kulia; kwenye chuma laini inauma na kutoa unga. Muuzaji akikataa, usimlaumu, bidhaa ni yake. Nunua moja, ukaipime nyumbani, na ukiridhika urudi kwa zilizobaki. Huo ndio utaratibu ninaoupenda zaidi ya wote, kwa sababu unakujengea pia urafiki na muuzaji mmoja anayejua kwamba unarudi.

Kuhusu chapa, Facom ya Ufaransa, Wera na Wiha za Ujerumani, PB Swiss Tools ya Uswisi na Vessel ya Japani zina sifa iliyopatikana kwa kazi. Bei yake ni kubwa, na jina kubwa huvutia waigaji, kwa hiyo vipimo vya hapo juu havifutwi na jina lolote. Chapa za bei ya kati kama Ingco, Total na Tolsen zinafaa kabisa kwa kazi za nyumbani ilimradi ncha unayoishika mkononi imefaulu majaribio. Chagua bisibisi, si kabati ilimotoka.

Hatua ya sita: ya umeme iwe ya umeme

Hapa sitaki mchezo. Mpini wa mpira haukufanyi uwe salama kwenye umeme wa volti 220. Bisibisi ya umeme ni ile ambayo plastiki imefunika shina lote mpaka karibu na ncha, na ina alama ya pembetatu mbili pamoja na maandishi 1000 V. Kipimo cha kimataifa kinaitwa IEC 60900, na zile zenye alama ya VDE ya Ujerumani kila moja hujaribiwa kiwandani ndani ya maji kwa volti 10,000 kabla ya kuuzwa. Kuzungushia shina utepe mweusi hakuigeuzi bisibisi ya kawaida kuwa hiyo.

Nunua mbili zenye alama hiyo: bapa ndogo ya 3 kwa domino (viunganishi vya nyaya vyenye skrubu) na kidhibiti cha sola, na PZ2 kwa disjonkta. Ukitazama kwa makini skrubu ya disjonkta, utaona mara nyingi ina msalaba na mfereji pamoja. Wengi huitia bapa nyembamba au PH, hawafikii mkazo unaotakiwa, waya unabaki umelegea, mahali palipolegea panapata joto, na plastiki inaanza kuyeyuka. Nyaya zilizokazwa vibaya huanzisha moto hivihivi. PZ2 inayolingana inakaza kwa uhakika.

Zima disjonkta kuu kabla ya kugusa chochote, hata kama mtaa mzima uko gizani, kwa sababu umeme uliokatika unarudi bila kubisha hodi. Ile bisibisi yenye taa ndogo ndani ya mpini isiwe shahidi wako pekee. Taa yake huwaka kwa mkondo mdogo unaopita mwilini mwako, na ukiwa umevaa viatu vikavu vya mpira au umesimama juani unaweza kudhani haijawaka wakati waya uko hai. Tumia mita ya kupimia volti, na kwanza uijaribu kwenye soketi unayojua ina umeme.

Na betri za gari au za sola zisikudanganye kwa sababu ni volti 12. Shina tupu likigusa chanya na hasi kwa pamoja linapitisha mkondo mkubwa sana, linawaka cheche, linaweza kuungana na ncha za betri, na betri za asidi hutoa hewa ya haidrojeni inayolipuka. Vua pete na saa pia.

Hatua ya saba: jitayarishe kwa skrubu iliyogoma

Seti nzuri haijakamilika bila kitu kimoja ambacho hakimo kwenye masanduku: bisibisi ya kugongwa. Ni mpini mzito wa chuma ambao ukiupiga nyundo kwa nyuma, unasukuma ncha ndani na kuizungusha kidogo kwa wakati uleule. Kwa skrubu za vifuniko vya injini ya pikipiki na zile zinazoshika diski za breki kwenye Honda nyingi, hakuna kinachoishinda kwa bei yake. Hakikisha umeielekeza upande wa kufungua kabla ya kupiga, na tumia kichwa chake chenyewe, kinene, si kile cha mpini wa kubadilisha. Miwani machoni.

Kabla ya kufika huko, fuata taratibu. Safisha kichwa. Nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu, uende ukanywe chai, urudi. Gonga kichwa cha skrubu mara mbili tatu kwa nyundo ukitumia kipande cha chuma bapa, ili kutu ipasuke. Kisha sukuma. Ukikaa na mzee aliyestaafu kwenye karakana ya Gécamines, kampuni ya migodi, au ya reli, mtazame anavyofungua: anaiegemea bisibisi kwa uzito wa bega kwanza, ndipo mkono unazunguka, polepole. Nguvu kubwa inakwenda kwenye kusukuma, ndogo kwenye kuzungusha. Vijana tunafanya kinyume chake.

Kichwa kikiwa kimeshaanza kulika, paka kwenye ncha ile pasta ya kusagia valvu ambayo kila fundi wa injini anayo. Chembe zake ngumu zinajaza nafasi na kuifanya ncha iume. Futa vizuri ukimaliza, isije ikaingia ndani ya injini. Bisibisi yenye pembe sita chini ya mpini inakuwezesha kuongeza spana kwa mkono wa pili wakati mkono wa kwanza unasukuma. Sifa hiyo iangalie unaponunua bapa yako kubwa.

Lile ambalo bisibisi haikuumbiwa ni kupasulia mbao, kufungulia makopo ya rangi na kung'olea matairi. Weka bisibisi moja ya zamani kwa kazi hizo na uipake rangi nyekundu mpini, ili hata mtoto aliyetumwa ajue achukue ipi.

Hatua ya nane: itunze

Masika yetu ni marefu, kuanzia karibu Novemba mpaka Machi au Aprili, na kutu haisubiri. Kila ukimaliza kazi, futa shina kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya injini. Usizilundike ndani ya sanduku, zinagongana ncha. Kipande cha ubao chenye matundu, kimepigwa ukutani mbali na sakafu ambako mchwa na maji hufika, kinatosha: kila bisibisi na tundu lake, na juu ya tundu namba yake kwa kalamu ya rangi. Tundu tupu linakuambia jioni hiyohiyo kwamba kuna moja imebaki ndani ya gari au imeenda kwa jirani. Jirani umkopeshe, ndiyo maisha ya lupango, ila utepe wa rangi moja kwenye mipini yote unarahisisha kurudishana bila maneno.

Ncha ya bapa ikilika inaweza kunolewa. Isage kwa jiwe au tupa nzuri, ukilinda pande mbili zibaki sambamba mwishoni, na kama unatumia mashine ya kusagia uichovye kwenye maji kila mara. Chuma kikigeuka rangi ya buluu kimepoteza ugumu wake na kitapinda kwenye skrubu ya kwanza. Ya msalaba ikichakaa hainolewi; utajua wakati umefika pale inapoanza kuruka kwenye skrubu mpya ambazo zamani iliziweza. Iondoe ubaoni siku hiyohiyo, maana itakula kichwa cha kila skrubu itakayoigusa. Kata ncha yake, ichonge iwe kali, itakufaa kutobolea ngozi na kuwekea alama kwenye mbao, na ukanunue nyingine ya namba ileile.